Homa ya Vipindi ya Gari la Zamani



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya afya ya watoto na ya wajawazito. Mwezi huu tunamtazama mgonjwa wa namna nyingine, naye ni gari la nyumbani. Akina mama wengi wametuuliza juu ya jambo hili baada ya ibada, na swali lao ni moja: gari letu ni la zamani, leo linawaka vizuri, kesho linakataa, keshokutwa linawaka kana kwamba halijawahi kuugua. Fundi akija, linawaka mara moja. Fundi akienda zake, linakataa. Tumenunua betri, tumenunua plagi, fedha zimekwisha na ugonjwa uko palepale. Tufanye nini?

Hili si jambo dogo. Fedha ya betri moja mara nyingine ndiyo ada ya mtoto. Tena tumeona nyumba ambamo amani imepungua kwa sababu ya gari: mama anadhani baba anadanganywa na fundi, na baba anaona mama anamdharau. Na zaidi ya hayo, uko usiku ambao gari lile ndilo tegemeo la mama mwenye uchungu wa kuzaa, awe wetu au wa jirani.

Neno letu la mwezi huu ni hili: ugonjwa unaokuja na kuondoka hautafutwi kwa kununua spea. Hutafutwa kwa kuangalia unakuja lini.

Fundisho la wodini

Sisi tunaohudumia wagonjwa tunaijua homa ya vipindi. Mgonjwa anakuja asubuhi, mwili umepoa, anacheka na jirani yake wa kitanda. Jioni anatetemeka. Ndiyo maana kila mgonjwa ana chati yake, na muuguzi anaandika joto la mwili kwa saa zilizopangwa. Aina fulani za malaria hurudisha homa kila baada ya saa 48 hivi, na aina nyingine kila baada ya saa 72. Mtu anayemtazama mgonjwa mara moja tu hawezi kuliona hilo, lakini chati inalionyesha.

Zamani, katika nchi zetu, kila mwenye homa alipewa dawa ya malaria kwa kukisia tu. Wengine walipona, wengine hawakupona kwa sababu ugonjwa wao ulikuwa mwingine. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba kila anayedhaniwa kuwa na malaria, mtoto kwa mkubwa, apimwe kwanza ndipo apewe dawa. Gari nalo ni hivyo hivyo. Kununua betri kwa sababu gari halikuwaka ni kutoa dawa bila kipimo.

Linakataa kwa namna gani?

Swali la kwanza ni hili, na mama yeyote anaweza kulijibu bila kushika spana. Unapogeuza ufunguo, je, injini inazunguka au haizunguki?

Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kama injini haizunguki, au inazunguka kwa uvivu, tatizo liko upande wa umeme wa kuizungusha: betri, vichwa vyake, waya zake nene, swichi, au stata yenyewe. Kama injini inazunguka kwa nguvu zake za kawaida lakini haishiki moto, mara nyingi betri na stata hazina kosa. Hapo kinachokosekana ni mafuta, au cheche ya kuyawasha, au hewa na mafuta havikuchanganyika kwa kipimo chake. Ni huzuni kusikia mtu amenunua betri mpya kwa gari ambalo injini yake ilikuwa ikizunguka vizuri siku zote.

Sikiliza sauti. Mlio wa haraka haraka, "ka-ka-ka-ka", mara nyingi ni betri iliyochoka au vichwa vyake vimelegea. Mlio mmoja mzito, kisha kimya, unaelekeza kwenye stata au waya zake. Kimya kitupu kinaweza kuwa swichi, fyuzi au rilei. Gari la otomatiki likikaa kimya, jaribu kusogeza gia kutoka P kwenda N huku umekanyaga breki, kisha geuza ufunguo. Likiwaka, umempa fundi habari kubwa.

Jaribu pia taa. Washa taa za mbele, kisha mtu mmoja ageuze ufunguo na mwingine atazame. Taa zikififia karibu kuzima, betri ni dhaifu au imeshikwa vibaya kwenye vichwa vyake. Taa zikibaki na mwanga wake na injini haizunguki, umeme haufiki kwenye stata.

Chati ya gari

Chukua daftari la mtoto la kurasa 40, liweke ndani ya gari pamoja na kalamu. Kila gari linapowashwa, likikubali au likikataa, aliye nyuma ya usukani aandike:

1. Tarehe na saa.
2. Gari limesimama kwa muda gani tangu lilipozimwa: dakika 5, dakika 20, usiku kucha, siku tatu?
3. Injini ni baridi, ya vuguvugu, au ya moto?
4. Hali ya hewa: jua kali, baridi, mvua, ukungu?
5. Mafuta yako kiasi gani kwenye geji?
6. Injini ilizunguka au haikuzunguka? Kulikuwa na harufu ya petroli? Moshi wa rangi gani?
7. Liliwaka baada ya kufanya nini?

Msiandike siku mbaya peke yake. Siku njema nazo zinafundisha, maana tofauti kati ya siku njema na siku mbaya ndiyo inayomtaja mkosaji. Wiki mbili au tatu kwa kawaida zinatosha.

Kusoma chati

Likikataa asubuhi tu, likiwa baridi. Wasomaji wetu wa Njombe, Makete na nyanda nyingine za juu wanaijua hali hii miezi ya Juni na Julai. Baridi hupunguza nguvu ya betri, na wakati huo huo oili huwa nzito, hivyo stata inadaiwa kazi kubwa kwa nguvu ndogo. Kama injini inazunguka vizuri lakini haishiki, kwenye gari la kabureta tazameni choki. Kwenye gari la petroli lenye pampu ya umeme, geuza ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake, ngoja sekunde mbili, rudisha, fanya hivyo mara tatu, kisha washa. Likikubali kwa njia hiyo, huenda presha ya mafuta inapotea usiku. Kiko pia kifaa kidogo kiitwacho sensa ya joto la injini. Kikiidanganya kompyuta kwamba injini ni ya moto, kompyuta itatoa mafuta machache na gari litakataa asubuhi.

Gari la dizeli likisumbua asubuhi, tazama moshi wakati stata inazungusha. Moshi mweupe una maana mafuta yanafika lakini hayaungui. Hita plagi zipimwe kwanza. Pasipo moshi kabisa, mafuta hayafiki. Huenda hewa inaingia kwenye mipira ya mafuta usiku.

Likikataa likiwa la moto, baada ya kusimama kidogo. Hapa ndipo wengi wanapotea. Gari limetoka nyumbani vizuri, umesimama sokoni dakika 20, ukirudi linakataa. Ukingoja saa nzima, linawaka. Sababu ni kwamba injini ikizimwa, maji na feni vinaacha kuipoza, na joto linapanda kwa muda kabla ya kushuka. Joto hilo linaweza kuchemsha petroli ndani ya kabureta. Linaweza kuifanya koili iliyochoka ishindwe kutoa cheche mpaka ipoe. Linaweza pia kuifanya stata ya zamani izunguke kwa uvivu. Kama kuna harufu kali ya petroli, injini imezidiwa na mafuta: kanyaga pedeli ya mafuta mpaka chini, usiipampu, kisha zungusha. Kama hakuna harufu ya petroli na injini inazunguka vizuri, mwambie fundi apime cheche na mafuta wakati huo huo wa kukataa.

Likikataa siku za mvua na ukungu. Hapo shaka ya kwanza iende kwenye waya za plagi, koili, na kifuniko cha distributa kama gari linacho. Waya uliopasuka ukipata unyevu, umeme hutorokea pembeni badala ya kwenda kwenye plagi. Usiku, penye giza, fundi akiwasha injini na kufungua boneti, mara nyingine huona vicheche vya buluu vikirukaruka. Mwacheni fundi afanye hivyo kwa chombo chake, msiguse waya hizo kwa mkono. Umeme wake ni wa maelfu ya volti, na mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asisogee kabisa.

Likikataa baada ya kulala siku kadhaa. Huenda betri imezeeka, au kuna kitu kinachokula umeme gari likiwa limezimwa: taa ya buti isiyozimika, redio, au kengele ya wezi iliyofungwa vibaya.

Likikataa wakati wowote, bila mpangilio. Basi tazameni vitu vinavyolegea: vichwa vya betri vyenye unga mweupe au wa kijani, waya wa hasi unaoshika kwenye bodi, swichi ya ufunguo, na rilei. Ukitikisa kichwa cha betri kwa mkono na kikacheza, umeona kasoro ambayo kuirekebisha ni kazi ya dakika chache.

Namba chache za kukumbuka

Mita ya fundi umeme hupima volti za betri kama sisi tunavyopima joto la mwili. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha karibu 12.6. Ikionyesha 12.2 imebaki kama nusu. Ikishuka chini ya 12, imekaribia kwisha. Wakati stata inazungusha, isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikishawaka, namba ipande kati ya 13.5 na 14.7. Isipopanda, betri haichajiwi. Mkinunua betri mpya nayo itakufa vilevile, kwa sababu ugonjwa uko kwenye alteneta au waya zake.

Mwombeni fundi awaonyeshe namba hizo na muziandike kwenye daftari. Fundi mwaminifu hatachukia.

Mama aliyetutangulia

Asije mtu akasema haya si mambo ya wanawake. Safari ndefu ya kwanza ya gari la petroli iliendeshwa na mama wa watoto. Mwezi Agosti mwaka 1888, Bertha Benz wa Ujerumani alilitoa gari alilobuni mumewe, Carl Benz, akaenda nalo kutoka Mannheim hadi Pforzheim kumtembelea mama yake, zaidi ya kilomita 100, pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard. Mafuta yalipopungua, aliyanunua katika duka la dawa huko Wiesloch, maana vituo vya mafuta havikuwapo. Inasimuliwa kwamba bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake; na waya wa umeme ulipochubuka, aliukinga kwa mkanda wa soksi zake.

Tazameni jinsi alivyofikiri. Hakubadilisha kila kitu. Aliuliza: je, mafuta yanafika? Je, cheche inafika? Baada ya miaka zaidi ya 130, fundi wa gari la petroli bado anauliza maswali hayo hayo mawili.

Yaliyompata mama mmoja

Mama mmoja wa usharika wetu anauza vitenge, na gari lao ni dogo la petroli, la miaka ya 1990. Lilianza kukataa. Mumewe alinunua betri. Miezi miwili baadaye alinunua stata iliyotumika. Gari likaendelea kukataa, na ndani ya nyumba maneno yakawa makali. Mama aliacha kupanda gari, akarudi kubeba mzigo wake kwenye daladala.

Tulipowashauri waanze daftari, baba alicheka, lakini alikubali. Baada ya siku 18 waliketi wakaisoma pamoja. Asubuhi gari lilikuwa halijakataa hata mara moja. Lilikataa mara tano, zote mchana, zote baada ya kusimama kati ya dakika 15 na 30, na mara zote tano injini ilizunguka vizuri pasipo harufu ya petroli. Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama watoto, kumbe stata haikuwa na kosa."

Waliipeleka chati kwa fundi. Fundi aliendesha gari mpaka likapata moto, akalizima, akangoja dakika 20, akapima. Cheche haikuwapo. Koili ilipopoa, cheche ikarudi. Kilichobadilishwa ni koili tu. Mama yule alituambia kwamba furaha yake kubwa haikuwa koili. Ilikuwa kwamba walikuwa wameketi meza moja, wakitazama karatasi moja, pasipo mmoja kumhukumu mwenzake.

Kwa hiyo, dada zetu, tusimwaibishe baba mbele ya fundi, wala tusimwite fundi mwizi kabla ya kumpa habari kamili. Mpelekeeni gari wakati linaumwa. Kama ugonjwa wake ni wa asubuhi, lilaze gereji ili alione likiwa baridi. Ombeni abadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja, maana mgonjwa akipewa dawa tatu siku moja, nani atajua iliyomponya? Ombeni mrudishiwe spea ya zamani. Injili ya Luka, sura ya 14, inatukumbusha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza ahesabu gharama. Tuketi kwanza, ndipo tununue.

Tahadhari za nyumbani

Msipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo. Ipumzisheni dakika moja au mbili kabla ya kujaribu tena. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka, kwa hiyo pasiwepo kiberiti wala sigara karibu, na pete na bangili zivuliwe kabla ya kuigusa. Msiwashe injini ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua kimyakimya.

Kijana asimwage petroli kwenye kabureta huku mwingine akipiga stata. Moto unaweza kurudi juu usoni. Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpelekeni hospitali. Msipake dawa ya meno wala mafuta. Wala mtu asinyonye petroli kwa mpira. Aliyeimeza asitapishwe, maana ikiingia kwenye mapafu huleta nimonia mbaya. Apelekwe hospitali mara moja. Na petroli isiwekwe kwenye chupa ya soda hata kwa siku moja, watoto hawajui tofauti.

Mpaka ugonjwa ujulikane

Sasa tunasema kama wauguzi. Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache. Mtoto mwenye degedege hawezi kungoja koili ipoe. Kwa hiyo, gari ambalo kasoro yake haijajulikana lihesabiwe kuwa halipo, hata kama limewaka vizuri wiki nzima. Kama nyumbani yuko mjamzito aliyekaribia, andikeni leo ukutani namba za simu za watu wawili wenye magari mazima au za dereva wa teksi anayelala jirani, na mtenge nauli yake. Pikipiki si chombo cha kumbeba mama anayetokwa na damu, pale penye njia nyingine. Gari likikataa usiku huo, msipoteze hata dakika 10 kulibembeleza. Pigeni simu ya pili.

Kazi ya mwezi huu, basi, ni ndogo. Nunueni daftari moja na kalamu moja, viwekwe ndani ya gari, na kila anayewasha aandike. Namba za simu zibandikwe karibu na mlango kabla ya jua kuzama.

Mungu azilinde safari zenu.